Draivu inafunguka, ankara zinajirudia: kisa cha programu ya FoxPro ndani ya Wine

Duka la jumla la vipuri lina kompyuta nne kwenye mtandao mmoja. Seva inaitwa `hifadhi`, ni Debian (aina ya Linux) yenye Samba, programu ya kushirikisha faili na kompyuta za Windows, na inatunza folda ya pamoja iitwayo `stoo`. Kompyuta mbili ni za Windows 10, moja kaunta na nyingine kwa mhasibu. Ya nne iko ghalani. Nayo ilikuwa ya Windows hadi diski yake ilipokufa, na iliporudi kazini ilikuwa na Ubuntu, nayo ni aina ya Linux.

Programu ya stoo na ankara iliandikwa kwa Visual FoxPro 9, zana ya Microsoft ya kutengeneza programu za hifadhidata. Hilo ndilo toleo la mwisho la FoxPro, lilitoka mwaka 2004, na Microsoft ilifunga msaada wake Januari 2015. Programu za aina hii bado ni nyingi kwenye maduka, zahanati na shule, kwa sababu zinafanya kazi na aliyeziandika hapatikani tena. Ghalani inaendeshwa kwa Wine, inayowezesha programu za Windows kufanya kazi kwenye Linux. Faili lake la EXE liko kwenye kompyuta yenyewe, na majedwali ya DBF pamoja na faharasa zake za CDX yako kwenye seva. Pale kaunta njia ya data ni `N:\DATA`, na ndivyo ilivyoandikwa ndani ya programu.

Malalamiko yalikuja matatu, kwa zamu. Kwanza programu ilisema faili la data halipo. Folda ilipopatikana, ikafungua lakini haikukubali kuhifadhi, na mara nyingine ilidai rekodi inatumiwa na mtu mwingine wakati hakuna mwingine kazini. Hilo nalo likatulizwa, na kwa wiki mbili kila mtu aliamini mambo yamekwisha. Kisha zikatoka ankara mbili zenye namba moja, na utafutaji wa bidhaa ukaanza kuruka vitu vilivyoonekana wazi kwenye orodha.

Malalamiko mawili ya kwanza ni ya kawaida na tiba yake inajulikana. La tatu ndilo linalogharimu fedha, na lilizaliwa na tiba mbaya ya lile la pili.

Wine inaonaje mtandao

Wine, iliyoanzishwa mwaka 1993, inawekwa kapu moja na viigizi, lakini haiigi kompyuta nzima. Programu ya Windows inaendeshwa kama programu nyingine yoyote ya Linux, kwa jina na ruhusa za mtumiaji aliyeiwasha. Ikiomba faili, Wine inageuza njia ya Windows kuwa njia ya Linux na kulikabidhi ombi kwa kerneli, kiini cha mfumo wa Linux.

Kwa hiyo Wine haibebi draivu za mtandao ilizojitengenezea. Herufi `N:` ni kiungo tu ndani ya folda ya `~/.wine/dosdevices`. Kinachozungumza na seva ni moduli ya `cifs` ya kerneli ya Linux. Anayehangaika ndani ya `winecfg` wakati kerneli yenyewe haijaifikia folda anapoteza siku. Kuna mipaka mitatu: kati ya seva na kerneli, kati ya kerneli na Wine, na kati ya Wine na programu. Anza chini. Usipande mpaka wa chini uwe umethibitika.

Lalamiko la kwanza: faili halipo

Ghalani folda ilikuwa imefunguliwa kwa kubofya kwenye kidhibiti faili cha Ubuntu. Faili zilionekana, zikafunguka kwa LibreOffice, na kila mtu akaona mtandao uko sawa. Tatizo ni kwamba folda iliyofunguliwa hivyo haijapachikwa (mount) na kerneli. Inakaa chini ya `/run/user/1000/gvfs/`, kwenye folda ambayo jina lake lina nukta mbili na mikato, kama `smb-share:server=hifadhi,share=stoo`. Windows hairuhusu nukta mbili ndani ya jina la folda, na Wine hulibadilisha jina la namna hiyo kuwa jina fupi la kubuniwa. Hata ukiizunguka hiyo kwa kiungo, njia hii haipeleki makufuli ya rekodi kwenye seva. Kwa kusoma barua inatosha. Kwa hifadhidata isitumike kabisa.

Fundi aliyejaribu kuwasha kwa `sudo wine` aliongeza tatizo la pili. Root, yaani msimamizi mkuu wa Linux, haioni folda ya gvfs ya mtumiaji mwingine, na juu ya hapo faili ndani ya `~/.wine` zikawa mali ya root. Folda yenyewe ikishamilikiwa na root, Wine hukataa kuwaka, ikilalamika kwamba si mali yako. Hilo linarekebishwa kwa `sudo chown -R $USER: ~/.wine`, na `sudo wine` isirudiwe tena.

Njia sahihi ni kupachika kwa kerneli. Sakinisha `cifs-utils`. Bila kifurushi hicho amri ya `mount` hulalamika kuhusu chaguo baya na kutaja kisaidizi cha `/sbin/mount.<type>`, ujumbe unaowapoteza wengi kwa sababu hautaji kinachokosekana. Kisha andika faili la siri, `/etc/samba/stoo.siri`, lenye mistari miwili tu, bila nafasi pembeni ya alama ya usawa:

    username=ghala
    password=NENO-LA-SIRI

Lifunge kwa `sudo chmod 600 /etc/samba/stoo.siri`. Halafu hakikisha jina `hifadhi` linajulikana. Kompyuta za Windows hupata majina ya majirani kwa njia zao, lakini `mount.cifs` hutegemea DNS au `/etc/hosts`, hivyo ongeza humo mstari wenye anwani ya seva, mathalani `192.168.1.10 hifadhi`, na uihakikishie seva anwani hiyo kwenye ruta ili isibadilike.

Jaribu kwanza kwa mkono:

    sudo mkdir -p /mnt/stoo
    sudo mount -t cifs //hifadhi/stoo /mnt/stoo -o credentials=/etc/samba/stoo.siri,uid=1000,gid=1000,vers=3.0

Ikikataa, namba ya kosa inasema mengi. Kosa 13 ni jina la mtumiaji, neno la siri au ruhusa kwenye seva. Kosa 2 mara nyingi ni jina la folda ya pamoja lililokosewa. Kosa 115 huashiria mlango 445 umezibwa na ukuta wa ulinzi, au anwani si yenyewe. Kosa 112 husema seva iko chini hata kama inajibu `ping`. Hapo kwa kawaida pande mbili hazijakubaliana toleo la SMB, itifaki ya kushirikisha faili kwenye mtandao.

Kosa 112 hutokea sana na visanduku vya zamani vya kuhifadhia faili vinavyojua SMB 1 pekee. Kerneli ya Linux iliacha kuanza na SMB 1 tangu toleo la 4.13, na Samba iliizima kwa chaguo-msingi tangu 4.11 ya mwaka 2019. Ukiandika `vers=1.0` folda itafunguka, na kishawishi ni kikubwa. Lakini SMB 1 ndiyo mlango uliopitiwa na programu hasidi ya WannaCry Mei 2017, na kwenye ofisi ambayo daftari lote la madeni liko folda moja, kuuacha wazi ni kucheza na riziki za watu. Badilisha kisanduku, au hamishia data kwenye kompyuta yenye Samba ya kisasa kama ilivyo hapa.

Lalamiko la pili: inafungua, haihifadhi

Sababu ya kutohifadhi ilikuwa nyepesi. Aliyepachika folda mara ya kwanza hakuandika `uid` wala `gid` (namba ya mtumiaji na ya kundi lake), kwa hiyo kila faili lilionekana kuwa mali ya root na mtumiaji wa ghalani alibaki msomaji tu. FoxPro ikikutana na jedwali lisiloandikika hutoa ujumbe wa kunyimwa faili, ujumbe ambao kwenye Windows hutokea pia mtu mwingine akiwa amelifungua jedwali peke yake. Watu wa kaunta wakaambiwa watoke. Wakatoka, na hakikubadilika kitu.

Mpaka huu unapimwa bila Wine, kwa akaunti ya kawaida:

    touch /mnt/stoo/DATA/jaribio.dbf && rm /mnt/stoo/DATA/jaribio.dbf

Ikikataa hapa, Wine haina hatia. Ikikubali, weka mstari wa kudumu kwenye `/etc/fstab`:

    //hifadhi/stoo /mnt/stoo cifs credentials=/etc/samba/stoo.siri,uid=1000,gid=1000,file_mode=0660,dir_mode=0770,vers=3.0,cache=strict,actimeo=0,iocharset=utf8,_netdev,nofail,x-systemd.automount 0 0

Namba 1000 ni ya mtumiaji wa kwanza wa Ubuntu. Ithibitishe kwa amri ya `id`. Chaguo la `x-systemd.automount` huipachika folda pale inapoombwa mara ya kwanza, ili kompyuta isikwame inapowaka kabla mtandao haujawa tayari. Kuhusu `cache` na `actimeo` tutarudi.

Kabla ya kupachika kuna kinga moja ambayo wengi hawaiweki, nayo ni muhimu. Folda `/mnt/stoo` ikiwa haijapachikwa ni folda tupu ya kawaida kwenye diski ya kompyuta yenyewe. Programu nyingi za stoo zikikuta folda tupu hutengeneza majedwali mapya, zikaendelea kana kwamba duka limefunguliwa leo, na mauzo ya asubuhi nzima yakaandikwa mahali ambapo hakuna mwingine anayeyaona. Funga folda tupu isiandikike:

    sudo umount /mnt/stoo
    sudo chattr +i /mnt/stoo

Baada ya kupachikwa tena kwa `sudo mount /mnt/stoo`, folda ya seva hukaa juu yake na huandikika kama kawaida. Ikidondoka, kinachobaki chini yake hakikubali kuandikwa hata na root, na programu hulalamika papo hapo.

Sasa Wine. Herufi inatengenezwa kwa kiungo, kwa herufi ndogo na nukta mbili:

    ln -s /mnt/stoo ~/.wine/dosdevices/n:

Kisha fungua `winecfg`, kichupo cha draivu, na uweke aina ya `N:` kuwa ya mtandao, kwa sababu zipo programu zinazouliza aina ya draivu kabla ya kuamua zifanye kazi kwa pamoja au peke yao. Kama programu yako imeandika njia ya aina ya `\\hifadhi\stoo\DATA` badala ya herufi, Wine huitafuta ndani ya folda ya `unc`:

    mkdir -p ~/.wine/dosdevices/unc/hifadhi
    ln -s /mnt/stoo ~/.wine/dosdevices/unc/hifadhi/stoo

Thibitisha kwa amri mbili. `wine winepath -u 'N:\DATA'` ionyeshe njia ya Linux unayoitarajia, na `wine cmd /c dir 'N:\DATA'` iorodheshe majedwali. Programu ikidai bado haioni faili, iwashe hivi usome inatafuta wapi hasa:

    WINEDEBUG=+file wine stoo.exe 2>&1 | grep -i data

Mara nyingi jibu huwa ni herufi nyingine kabisa iliyosahaulika kwenye faili la mipangilio. Na kama Wine yako imekuja kwa Flatpak, mfano Bottles, imefungiwa ndani ya uzio na haiioni `/mnt` hadi iruhusiwe: `flatpak override --user --filesystem=/mnt/stoo com.usebottles.bottles`.

Makufuli, na tiba iliyoleta ugonjwa

Ule ujumbe wa rekodi kutumiwa na mtu mwingine haukuwa wa uongo. Rekodi ilikuwa inatumiwa kweli. Programu ilikuwa imeganda jana yake, mtumiaji akalifunga dirisha kwa nguvu, lakini mchakato wake ukabaki hai nyuma ya pazia ukiwa umeshika kufuli. `ps aux | grep -i stoo.exe` ingemwonyesha mara moja, na `wineserver -k` ingemaliza habari kwa kuua kila kilichobaki ndani ya Wine ya mtumiaji huyo.

Badala yake, kwenye `/etc/fstab` likaongezwa neno moja: `nobrl`. Ujumbe ukapotea.

Neno hilo linaiambia kerneli isipeleke kwenye seva makufuli ya vipande vya faili. Limewekwa kwa ajili ya programu za Linux zilizozoea makufuli ya hiari, yale ambayo anayetaka huyaheshimu na asiyetaka huyapita. Makufuli ya SMB ni ya lazima: kipande kikifungwa, seva humzuia kila mwingine. Baadhi ya programu za Linux huvurugwa na ulazima huo, na kwao `nobrl` ni msaada wa kweli. Programu ya Windows ndani ya Wine iko upande wa pili kabisa. Iliandikwa ikitegemea ulazima huo huo. Kuiondolea makufuli ni sawa na kuvunja kitasa cha duka kwa sababu ufunguo ulikwama.

FoxPro haina seva ya hifadhidata. Kila kompyuta inafungua jedwali lenyewe na kuandika ndani yake moja kwa moja, na kinachozuia wasigongane ni kufuli la baiti chache. Kufuli hilo haliwekwi juu ya data. Huwekwa mbali, nje ya mwisho wa faili, kwenye namba inayokokotolewa kutokana na rekodi. Clipper, ndugu yake wa zamani, huanzia baiti ya 1,000,000,000. FoxPro huhesabu kutoka 0x40000000 au kurudi nyuma kutoka 0x7FFFFFFE, ikitegemea kama jedwali lina faharasa ya CDX. Hakuna data mahali hapo. Namba hizo ni makubaliano kati ya nakala zote za programu: anayetaka rekodi ya 57 lazima kwanza aishike namba yake.

Sasa fuata namba ya ankara. Programu hii ina jedwali dogo, `NAMBA.DBF`, lenye rekodi moja tu. Anayeanza ankara hufunga rekodi hiyo, husoma namba ya mwisho, huongeza moja, huandika, hufungua. Kaunta inafunga kwenye seva. Ghalani, kwa `nobrl`, Wine inaomba kufuli, kerneli inajibu ndiyo, na ombi linaishia hapo hapo. Programu inaamini imefunga, na seva haina habari. Zikianza ankara kwa wakati mmoja, zote mbili husoma 4310 na kuandika 4311.

Faharasa huumia zaidi. Faili la CDX ni mti wa kurasa, na kuongeza bidhaa moja kunaweza kugawa ukurasa na kurekebisha viungo vya kurasa nyingine. Wawili wakifanya hivyo pamoja bila kufungiana, mti hubaki na tawi lisilofika popote. Data ipo kwenye DBF na utafutaji hauioni. Ndiyo maana bidhaa ilionekana kwenye orodha ikakosekana kwenye utafutaji.

Kwa nini wiki mbili zilipita salama? Ghalani huandika kidogo, na mgongano unahitaji wawili waguse kitu kimoja ndani ya sehemu ya sekunde. Ilipofika siku ya kuingiza mzigo mkubwa, ghala na kaunta zote zikiandika bila kupumua, ikatokea.

Jambo moja kuhusu Wine linafaa lijulikane na kila anayefanya kazi hii. Ikikuta mfumo wa faili unaosema hauna uwezo wa makufuli, Wine haimwambii mtumiaji. Hulipuuza kufuli la mfumo, hubaki na lile la ndani kati ya programu za Wine ileile, na kuijibu programu kwamba imefaulu. Kwa programu inayotumiwa na mtu mmoja huo ni ukarimu. Kwenye DBF ya watu watatu, ukimya huo ndio unaoua data. Kwa hiyo kutoona kosa kwenye skrini hakuthibitishi chochote. Ushahidi unapatikana kwenye seva.

Marekebisho

Ghalani, `nobrl` iliondolewa, na pamoja nayo `cache=loose` iliyokuwa imewekwa ili kuongeza kasi. `loose` huruhusu kerneli iamini nakala yake ya data hata kama mwingine amebadilisha faili. `strict`, ambayo ni chaguo-msingi, huweka nakala pale tu seva inapoiruhusu rasmi. `actimeo=0` inaondoa sekunde moja ambayo kerneli hushikilia ukubwa wa faili na tarehe zake. Sekunde hiyo inatosha kumfanya mmoja asione rekodi iliyoongezwa mwisho wa jedwali. Kasi inapungua kidogo, na inafidiwa kwingine, kama itakavyoonekana.

Kwenye seva, `smb.conf` ilihitaji mstari mmoja wa muhimu:

    [stoo]
       path = /srv/stoo
       read only = no
       valid users = @duka
       force group = duka
       create mask = 0660
       directory mask = 0770
       veto oplock files = /*.dbf/*.DBF/*.cdx/*.CDX/*.fpt/*.FPT/

Kwa kawaida Samba humruhusu mteja aliye peke yake kwenye faili kushika nakala na kuchelewesha maandishi, kisha humwita ayaandike mwingine anapokuja. Utaratibu huo ni sahihi mpaka waya uchomoke au umeme ukatike kabla ya maandishi kufika. Mstari wa `veto oplock files` unaondoa ruhusa hiyo kwa majedwali, faharasa na memo (faili za FPT) tu, na faili nyingine za folda hubaki na kasi yake. Pima kwa `testparm -s`, pakia kwa `sudo smbcontrol all reload-config`, kisha kila kompyuta ifunge programu na kuifungua upya, maana faili lililokuwa wazi linabaki na masharti yake ya zamani.

Kasi ilirudishwa kwa kupunguza safari za mtandao. EXE na maktaba zake zilibaki kwenye `C:` ya Wine. Kwenye `CONFIG.FPW` iliwekwa `TMPFILES=C:\TEMP` ili faili za muda zisiende kwenye seva, pamoja na `RESOURCE=OFF`, kwani jedwali la `FOXUSER` likishirikishwa hugombaniwa bila faida yoyote. Kompyuta ya ghalani ikahamishwa kutoka Wi-Fi hadi kwenye waya. DBF kwa Wi-Fi haifai: muunganisho ukikatika katikati ya kuandika faharasa, hakuna mpangilio utakaoirudisha. Kwa sababu hiyo hiyo kulala kwa kompyuta kulizimwa saa za kazi.

Folda ya data nayo ilisafishwa. Wine inapoombwa `Bidhaa.dbf` na kukuta `BIDHAA.DBF`, husoma orodha nzima ya folda ili kulinganisha herufi. Folda yenye ripoti za zamani elfu kadhaa hufanya kila ufunguaji kuwa mzito, hivyo ripoti zilihamishiwa folda yake.

Jaribio linalothibitisha

Ghalani, tengeneza faili la majaribio na ushike kufuli bila kuhusisha Wine. Jina liishie na `.dbf`, ili mstari wa `veto` uligusie. Vinginevyo kerneli inaweza kulitunza kufuli kwake kwa ruhusa ya seva na wewe ukadhani halikutumwa.

    echo jaribio > /mnt/stoo/jaribio.dbf
    python3 -c "import fcntl; f=open('/mnt/stoo/jaribio.dbf','r+b'); fcntl.lockf(f, fcntl.LOCK_EX|fcntl.LOCK_NB, 1, 1000); input()"

Amri itasubiri. Ukiwa kwenye seva andika `sudo smbstatus -B`. Lazima uone faili hilo likiwa na kufuli linaloanzia 1000. Rudia na `nobrl` ukitaka kuona tofauti kwa macho: faili litakuwa wazi, kufuli halipo. Kama seva yako ni ya Windows, `net file` huonyesha idadi ya makufuli kwa kila faili lililofunguliwa.

Hatua ya pili ni kwa Wine yenyewe. Ghalani fungua bidhaa moja kwa kuhariri na usihifadhi. `smbstatus -B` ionyeshe kufuli kwenye `BIDHAA.DBF`, kwa namba kubwa ya mbali. Kaunta ijaribu kuhariri bidhaa ileile. Inapaswa kukataliwa. Kisha geuza: kaunta ishike, ghala likataliwe. Upande mmoja ukifaulu na mwingine ukashindwa, bado hujamaliza.

Mwisho, watu wawili waandike ankara 20 kila mmoja kwa wakati mmoja, kwenye nakala ya data. Hesabu: ziwe 40, hakuna namba inayojirudia, na kila moja ipatikane kwa utafutaji.

Kuponya data, na mtego uliobaki

Makufuli hayarekebishi kilichokwisha haribika. Wote walitoka, folda ikanakiliwa nzima, kisha faharasa zikajengwa upya. Hapa `REINDEX` haikutosha, kwa kuwa husoma maelezo ya faharasa kutoka ndani ya CDX yenyewe, na palipovunjika huvunjika nayo. Kwa majedwali huru, faharasa zilifutwa na kutengenezwa upya kwa `INDEX ON`, baada ya misemo yake kunakiliwa kutoka CDX nzima ya hifadhi ya zamani. Ankara zilizojirudia zilisahihishwa kwa mkono, risiti za karatasi zikiwa mezani. Programu haiwezi kujua ipi kati ya 4311 mbili ni ya mteja gani.

Kazi hiyo ilifanywa kutoka kompyuta ya mhasibu. Ghalani haikuguswa, na sababu yake ni mtego ambao marekebisho yote ya juu hayauondoi. Programu ya Windows inapofungua faili kwa matumizi ya peke yake, Windows humpelekea seva sharti hilo ndani ya ombi la kufungua. Ufunguaji wa faili wa Linux hauna sharti la namna hiyo. Wine hulitekeleza kati ya programu zake yenyewe tu, na kerneli hufungua faili kwenye seva kwa kuruhusu wote. Kwa hiyo `USE ... EXCLUSIVE` ghalani hufaulu huku kaunta ikiendelea kuuza, na amri ya `PACK`, inayoondoa rekodi zilizofutwa, ikianza hapo hunakili jedwali upya na kuacha nje kila kilichoandikwa katikati.

Menyu ya kupanga upya data iliondolewa kwenye nakala ya ghalani. Inaendeshwa kwa mhasibu pekee, baada ya saa za kazi, na kabla ya kubonyeza, `sudo smbstatus -L` kwenye seva isionyeshe hata DBF moja iliyo wazi.